Mtungi umeingia uani, moshi haujatoka

Kila zamu ya mitungi ya gesi ya ruzuku inapofika katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga, shughuli huwa ni ileile. Meza imetandikwa kitambaa, viongozi wamekaa nyuma yake, mitungi ya kilo 6 imepangwa mistari juani, kina mama wako kwenye foleni na vitambulisho vya taifa mkononi, na mwenye kipaza sauti anatangaza idadi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, unaiuza mitungi hiyo kwa nusu bei, nusu nyingine ikibebwa na serikali. Yote haya yanatokana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Nauunga mkono mkakati huo. Lakini naona unaeleweka vibaya na wanaousifu na wanaoubeza kwa pamoja. Wanaousifu wanahesabu mitungi iliyotoka ghalani na kuamini kwamba wamehesabu watu waliookolewa na maradhi. Wanaoubeza wanauona kama zawadi ya kampeni, au mradi wa kulinda misitu uliovishwa kanzu ya afya. Hoja yangu ni kwamba moshi wa jikoni ni suala la afya kabla ya kuwa suala la misitu, kwamba moshi huo ni wa mtaa mzima wala haukai kwenye nyumba ya aliyeuwasha, na kwamba jiko la gesi linalokaa ubavuni mwa seredani, yaani jiko la mkaa, inayowaka kila siku linampunguzia mpishi maradhi kidogo mno kuliko tunavyotangaziwa. Kinachopaswa kuhesabiwa ni majiko ya mkaa na mafiga yaliyozimwa, mtaa kwa mtaa.

Tanga ina sababu zake za kutoliona tatizo hili. Mji uko baharini, hauna foleni za magari za Dar es Salaam, na mpaka leo baiskeli ina heshima yake barabarani. Mtu wa Tanga akisikia habari za hewa chafu, mawazo yake yanakwenda nje ya mji: vumbi la saruji Pongwe, tanuri za chokaa Amboni, malori ya masafa marefu, na sasa matangi ya Chongoleani, unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Hofu hizo si za kupuuzwa. Mafuta ghafi yaliyohifadhiwa hutoa mvuke wenye benzini, na benzini inasababisha saratani. Vumbi laini la viwandani linaingia kwenye mapafu ya wafanyakazi na majirani wa viwanda, na nchi ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007 ambazo wananchi wana haki ya kudai zisimamiwe. Lakini kwa mkazi wa Ngamiani, Makorora au Mabawa, jiografia iko upande wake. Pepo za msimu, kaskazi na kusi, zote zinavuma kutoka upande wa bahari kwenda bara, na Pongwe iko bara. Vumbi lake mara nyingi linaelekea kwa watu wa huko zaidi kuliko kwa watu wa mjini, ingawa umande, upepo wa usiku utokao bara, unaweza kurudisha kiasi.

Tena kuna jambo ambalo watafiti wa hewa wamelifahamu miaka mingi na sisi hatulizungumzi. Marehemu Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza moshi wa majiko ya maskini, alikuwa akieleza kwamba kiasi kilekile cha uchafu kikitolewa ndani ya nyumba kina nafasi ya kufika mapafuni mwa mtu takriban mara elfu moja zaidi kuliko kikitolewa nje. Sababu yenyewe haihitaji hesabu ngumu. Bomba la kiwanda linatema moshi juu, upepo unautawanya, na unapofika puani kwa mtu umeshapungua mno. Jiko linatema moshi nusu mita kutoka uso wa mpishi, naye ameuinamia. Kwa hiyo ukubwa wa kitu kinachotoa moshi hautuambii chochote kuhusu kiasi tunachokivuta. Bomba la kiwanda linaonekana kutoka barabara kuu na lina mwenyewe wa kulaumiwa. Seredani haina wa kulaumiwa, na pengine ndiyo maana hatuizungumzii.

Ni vizuri kueleza moshi unafanya nini mwilini, kwa sababu picha tuliyonayo ni ya macho yanayotoka machozi na kikohozi kinachopita. Hayo ni madogo. Chembe zinazoua ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu ni mpana mara thelathini hivi kuzishinda. Pua haizizuii, koo halizikamati. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, mahali oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu, na huko mwili unazipokea kama adui: unawasha uvimbe usiokwisha, na uvimbe huo hauishii mapafuni. Mishipa ya damu inakakamaa, shinikizo la damu linapanda, mafuta yaliyojishika kwenye kuta za mishipa yanakuwa rahisi kumeguka, damu inaganda kwa urahisi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapogawanya vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi wa majumbani mwaka 2020, fungu kubwa kuliko yote, kama theluthi, ni la ugonjwa wa moyo, na la pili, karibu robo, ni la kiharusi. Nimonia inafuata, kisha ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na mwisho saratani ya mapafu. Zaidi ya watoto 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano wamo katika idadi hiyo. Kwa Tanzania, takwimu inayotumiwa na serikali yenyewe ni takriban vifo 33,000 kwa mwaka.

Angalia basi jinsi maradhi haya yanavyojificha. Mama wa miaka hamsini na kitu anaanguka uani, anapelekwa hospitali ya Bombo, inaandikwa kiharusi. Nyumbani watasema presha, wengine watasema amerogwa. Hakuna atakayesema miaka thelathini na tano ya kuinamia moshi, kwa sababu moshi hauachi alama yake kwenye cheti. Duniani kote ilichukua mpaka Desemba 2020 kwa ofisa wa uchunguzi wa vifo huko London kuandika uchafuzi wa hewa kuwa miongoni mwa sababu za kifo cha mtu mmoja: Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu aliyefariki mwaka 2013. Mji huohuo ulikuwa umeshazika watu wapatao 4,000 kwa siku chache za ukungu wa moshi wa makaa ya mawe mwezi Desemba 1952, na sheria ya hewa safi ikapatikana mwaka 1956. Hata huko, kuhusisha moshi wa jumla na jina la marehemu mmoja kulichukua miongo saba.

Mkaa una udanganyifu wake wa ziada. Mjini watu wanasema mkaa hauna moshi, na ukilinganisha na kuni mbichi au makumbi ya nazi, macho yanakubali. Ila ule moto mwekundu usio na moshi ndio unaotoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa mvua za masika wakaamkia kaburini ndio tunaowasikia. Tusiowasikia ni wajawazito wanaopunguziwa oksijeni kidogo kidogo kila siku, pamoja na kilichomo tumboni. Na chembe ndogo bado zimo kwenye mkaa, hasa unapowashwa kwa mfuko wa plastiki na vijiti, kama tufanyavyo. (Kwa kuwa tunazungumza ukweli: udi na ubani wa jioni, dawa ya mbu ya kuchoma na taka zinazoteketezwa nyuma ya nyumba ni moshi pia. Pafu halijui kwamba udi ni wa heshima.)

Pwani yetu ina ushahidi wake wa zamani ambao haukumbukwi. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa kudhibiti maambukizi ya njia ya hewa kwa watoto wilayani Bagamoyo, na mwaka 1992 ukachapishwa utafiti uliolinganisha watoto waliofariki na watoto walio hai katika wilaya hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni kwamba kulala katika chumba kinachopikiwa kuliambatana na uwezekano wa kifo wa takriban mara 2.8, na kwa vifo vya nimonia uwiano ulikuwa mkubwa zaidi. Utafiti wa namna hiyo una udhaifu wake: moshi wenyewe haukupimwa, na nyumba yenye chumba kimoja cha kulala na kupikia huwa ni nyumba maskini kwa mengine mengi pia. Lakini ulifanyika kwetu, kwa watoto wetu, na alama uliyoonyesha inafanana na iliyoonekana Gambia, Nepal na kwingineko. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado kuna mtu anayedhani habari za moshi na afya zimeletwa juzi na wafadhili.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi kwenye vibaraza vya kahawa, ni kwamba wazee wetu walipika kwa kuni maisha yao yote na wakafika miaka tisini. Walifika walioishi. Bibi wa miaka tisini anaonekana, amekaa mkekani, kila mtu anamsalimia. Watoto sita aliozaa wakafa watatu kwa kile kilichoitwa kichomi hawaonekani, na dada zake waliokufa kwa kubanwa na kifua kabla ya kuona wajukuu hawana kibaraza cha kukaa. Wakati wa uhuru, mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi wa Mtanganyika haukufika miaka 50. Sisemi moshi ndio uliokuwa sababu kuu. Malaria, surua na utapiamlo vilitangulia. Nasema tu kwamba anayetaka kuthibitisha usalama wa kitu kwa kutumia walionusurika anapaswa kwanza kutembelea makaburi. Isitoshe, wazee hao walipikia jiko la kando, paa la makuti linalopitisha hewa, nyumba moja mbali na nyingine. Mjukuu wao anapikia kwenye korido ya nyumba ya vyumba sita yenye bati na dari, na wapangaji wengine watano wamewasha majiko yao hapohapo.

Iko hoja ya pili, nzito, na wanaoutetea mkakati wa nishati safi huwa hawaitaji kabisa. Tangu miaka ya 2000 wanasayansi wamefanya majaribio ya kweli, kwa kugawa majiko kwa kura na kufuatilia nani anaugua. Guatemala waligawa majiko ya kuni yenye dohani ya kutolea moshi nje. Moshi uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha upungufu ulio wazi wa nimonia kwa jumla. Ile kali peke yake ndiyo iliyopungua, kwa kama theluthi. Malawi waligawa majiko bora ya kuni kwa maelfu ya kaya, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Nimonia haikupungua. Watu wakasema: tatizo ni kuni, toeni gesi. Ikatolewa gesi, tena bure, jiko na nishati kwa miezi 18, kwa nusu ya wajawazito wapatao 3,200 wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, nusu nyingine wakiendelea na kuni zao. Chembe ndogo walizovuta wenye gesi zikawa kama mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo, dhidi ya karibu 70 kwa waliobaki na kuni. Matokeo yakatoka kuanzia 2022: uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, na baadaye ikaonekana nimonia kali nayo haikupungua.

Mtu akikuambia kwamba hapo hoja nzima ya gesi imeanguka, usimdharau. Lakini tazama namba vizuri. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha chembe hizi kutoka mikrogramu 10 hadi 5. Waliopewa gesi bure, wakaacha kuni karibu kabisa, bado walikuwa wakivuta karibu mara tano ya kiwango hicho. Zilitoka wapi, kama jikoni mwao mna gesi? Kwa sehemu kubwa, kwa majirani, barabarani, kwenye taka zinazochomwa. Na uhusiano wa moshi na maradhi haupandi kwa mstari ulionyooka. Chembe za mwanzo ndizo zinazoumiza zaidi. Ukishavuka kiwango fulani, nyongeza inazidisha madhara kidogo kidogo. Ukiligeuza jambo hilo maana yake inatisha: mpishi aliyeko kwenye mikrogramu 300 akishushwa hadi 150 amepunguziwa nusu ya moshi, na sehemu ndogo tu ya hatari. Faida kubwa iko chini, kwenye safari ya kutoka 50 kwenda 10. Kule hafiki mtu peke yake. Atafikaje, ikiwa nyumba nne zinazomzunguka zinawasha mkaa? Pia majaribio hayo yalipima watoto wachanga katika kipindi ambacho wengi wamechanjwa dhidi ya vijidudu vikuu vya nimonia, wakati moyo wa mama yao na mishipa yake vinaharibika kwa miongo. Jaribio la miezi 18 halina namna ya kukiona kiharusi cha mwaka 2045. Kwa hiyo natoa onyo kwa watetezi wenzangu: tusiwaahidi wananchi kwamba mtungi utamaliza nimonia ya watoto ndani ya miaka miwili. Ahadi hiyo haina ushahidi, na ikishindikana itatumika kuua programu yenyewe.

Sasa iweke hali hiyo Ngamiani. Barabara zimepangwa kwa namba, nyumba zimebanana, kila moja ina ua wake wa nyuma, na ua mmoja unapakana na mwingine kwa ukuta ambao hauzuii hata maneno, sembuse moshi. Mwezi wa Ramadhani, baada ya swala ya alasiri, kila ua unawashwa kwa wakati mmoja: viazi vya nazi hapa, chapati pale, uji wa pilipili manga, kalimati zinaelea kwenye mafuta. Ukipita saa kumi na moja utaona anga la mtaa limefanya ukungu wa samawati, na upepo wa bahari ambao tunajisifia umezibwa na kuta. Mwenye gesi na asiye na gesi wanafuturu hewa ileile. Katika mtaa kama huo, mitungi ya ruzuku inagawiwa kwa aliyewahi kusikia tangazo, mwenye kitambulisho na fedha siku hiyo, huyu wa Makorora, yule wa Mikanjuni, mwingine wa Pongwe. Kwa haki ya mgawo ni sawa, kila kata imepata. Kwa afya ni kuitawanya dawa mpaka isitibu.

Na ndani ya nyumba yenye mtungi mambo si mepesi. Shangazi yangu alipata wake kwa bei ya ruzuku, ameushonea kifuniko cha kitambaa cha maua, na unachemsha chai ya asubuhi. Maharage ni seredani. Wali wa nazi ni seredani, kwa sababu lazima upaliwe moto juu ya mfuniko, na wali usiopaliwa kwake ni uji uliokauka. Simlaumu. Mkaa unanunuliwa kwa kopo la fedha ya leo. Gesi ya mtungi mdogo inadai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, na gesi hiyo haichimbwi Songo Songo kama wengi wanavyodhani, inaletwa na meli kutoka ng'ambo na bei yake inayumba na soko la dunia. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba sehemu ya shehena hizo inashushwa Tanga hapahapa. Anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kununua nishati ya mwezi, hata kama kwa hesabu ya mwaka ingemtoka nafuu. Dar es Salaam tayari kuna gesi ya mita, unalipia kwa simu kiasi ulichonacho. Huko ndiko ruzuku ingefanya kazi zaidi kuliko kwenye chuma cha mtungi.

Lakini nadhani kwa mji wa Tanga jibu la nusu liko kwenye umeme, na hapa serikali inajipinga yenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limekamilika, umeme upo. Jiko la presha la umeme linaivisha sufuria ya maharage bila kufikisha uniti moja, na kwa mteja mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni bei ambayo hakuna kopo la mkaa litakaloishinda. Tatizo ni kwamba bei hiyo ni ya asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, anahamishiwa kundi ambalo uniti inauzwa karibu mara tatu. Mwenye friji, feni na taa, akianza kupikia umeme kama anavyohimizwa, atavuka. Yaani mama anayetii kampeni anaadhibiwa na bili, na aliyebaki na mkaa anaendelea kufaidi bei ya chini. Kuongeza ukomo huo kwa kaya inayopikia umeme ni uamuzi wa mezani. Hauhitaji mfadhili wala mkutano wa Paris, kama ule wa Mei 2024 uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa nishati safi ya kupikia Afrika.

Tumewahi kufanya jambo linalofanana na hili tukafanikiwa. Hati Punguzo ya vyandarua ilipoanza mwaka 2004, tungeweza kuridhika na idadi ya vyandarua vilivyouzwa. Badala yake tafiti za kaya zikawa zinauliza swali la kuudhi: usiku wa kuamkia leo, nani alilala ndani ya chandarua? Hapo ndipo ilipojulikana vingapi vinafuga kuku na vingapi vinalinda watoto. Kwa majiko, sensa na tafiti zetu zinauliza nishati kuu ya kupikia, moja tu. Shangazi atajibu gesi, kwa fahari, na mkakati utamhesabu miongoni mwa asilimia 80. Swali linalofaa ni jana mliwasha nini, na kwa saa ngapi, kisha liambatane na idadi ya mara ambazo mtungi umejazwa upya kwa mwaka. Kaya ya watu watano iliyojaza mtungi wa kilo 6 mara mbili kwa mwaka mzima haipikii gesi. Inaimiliki tu.

Kwa hiyo ningekuwa diwani wa kata yoyote ya Ngamiani ningeacha kuomba mitungi zaidi. Ningeomba barabara moja, nyumba zote za pande mbili, wapangaji kwa wenye nyumba, pamoja na mama lishe wa kona, muuza chipsi na wakaanga samaki, ambao ndio wanaowasha moto kutwa nzima na ambao mtungi wa kilo 6 hauwatoshi hata kwa siku chache. Ningeomba kipimo cha chembe kiwekwe kabla na baada, kwa mwaka mzima, kaskazi mpaka kusi. Kama hewa ya barabara hiyo haitashuka, tutakuwa tumejua kwa gharama ndogo, na itabidi tuulize habari za pikipiki, taka na vumbi la Pongwe kwa uzito mpya.

Ombi hilo litakutana na upinzani ambao haupo kwenye hotuba. Mkaa wa Tanga unatoka Handeni na Kilindi, una wachomaji, wenye malori, wapakuaji na wauza makopo, na una ushuru unaoingia kwenye mifuko ya umma. Taasisi zenye kulisha zaidi ya watu 100 zilipewa mpaka Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na amri ilitolewa kirahisi kwa sababu shule na magereza yana mkuu anayeweza kuandikiwa barua. Mtaa hauna mkuu wa namna hiyo. Muuza makopo wa barabara itakayochaguliwa naye ana watoto, mara nyingi ni mwanamke mjane au aliyeachwa, na yeye ndiye anayevuta vumbi la mkaa kuliko wateja wake wote. Akipewa leseni ya kuuza gesi ya kujaza kidogo kidogo kwenye genge lake lilelile, mtaa una nafasi ya kubadilika. Akiachwa nje ya mpango, ataendelea kupima mkaa kwa kopo hatua kumi kutoka kwenye kipimo cha hewa, na wateja watakuwepo.